Perege Ishirini wa Nakalola

Ofisi ya samaki ilifunguliwa Newala, mahali ambapo hata chura ni mgeni. Ukitaka maji ya kunawa uso unateremka mteremko wa kuvunja magoti, na ukirudi nayo umekwisha kunywa nusu njiani. Lakini yule Mzungu aliyeletwa kuchunguza samaki wa kusini alipenda baridi ya mlimani. Akapanga nyumba yenye baraza linalotazama bonde la Ruvuma, akaweka meza ndefu, chupa za vioo na mizani ndogo, kazi ikaanza. Watu walimwita Bwana Magamba, maana walimwona kwa macho yao akihesabu magamba ya perege, moja moja, ubavu mzima, na akimaliza anaanza upya. "Huyu kwao hakulimwi?" waliulizana, kisha wakaendelea na mikorosho yao.

Msaidizi wake alikuwa Barnaba, mtu wa Masasi, mtoto wa misheni, aliyefundisha shule miaka tisa mpaka vumbi la chaki likamshinda. Barnaba hakuwa mtu wa kukaa. Kanisani alisimama karibu na mlango, barazani alisimama kwenye ngazi, na mkewe Priska alikuwa akisema ukimpa Barnaba kiti umempa adhabu. Kazi hii ya kutumwa huku na huku ilimfaa kuliko zote alizowahi kushika. Lakini ilikuwa ya majaribio, mpaka mwisho wa mwaka ule wa hamsini na sita. Bwana akiridhika, Barnaba angeandikwa kazi ya kudumu, apewe nyumba na safari za mito yote mpaka Songea. Asiporidhika, chaki ilikuwa inamngoja palepale alipoiacha.

Bwana Magamba alitaka kujua jambo ambalo kwa watu wa bondeni halikuwa swali kabisa. Kila mtu alijua kwamba perege wa maji haya hafanani na perege wa maji yale. Wa mto Lukuledi, pale Nanganga, ni mwembamba na mkia wake una wekundu. Wa Ruvuma ni mpana, anang'aa, mmoja tu anajaza sahani. Na wa bwawa la Nakalola, chini ya mlima, ni mdogo, mweusi, kichwa kikubwa, na mdomo wa chini umemtoka kama mtoto aliyenyimwa kitu. Bwana aliuliza: je, ni samaki yule yule aliyebadilishwa na maji, au ni wengine tangu asili? Maji yanaweza kumnenepesha samaki au kumkondesha, alisema, lakini hayampi mifupa. Ndiyo maana alihesabu miiba ya pezi la mgongoni, akahesabu magamba, akapima taya. Kila maji alitaka samaki ishirini.

Na haikuwa mchezo wa kupitisha siku. Ikiwa perege wa Nakalola ni wa Ruvuma aliyedumaa kwa shida, basi maji ya bwawa yakipungua mwezi wa tisa serikali ingeyatia sumu, wadogo wote wafe, kisha mvua ikinyesha wamwagwe wakubwa wa Ruvuma. Ikiwa ni aina yake peke yake, bwawa lisingeguswa.

Barnaba alilijua bwawa lile. Mama yake alizaliwa pale na alizikwa pale, na kwa Wamakua kwenu ni kwa mama yako, hata ubatizwe Masasi mara saba. Mwaka ule wa njaa, bwawa lilipobaki maji ya moto yasiyofika magotini, perege wale wabaya wa sura walipandisha midomo yao juu ya maji wakawa wanahema, siku baada ya siku, hawafi. Watu wakala, watoto wakaona mvua. Wa Ruvuma mtie kwenye maji yale saa moja tu, anageuka tumbo juu. Barnaba hakuwa na shaka hata kidogo kwamba miiba ingesema hivyohivyo.

Akateremka Nakalola mwezi wa saba. Dada mkubwa wa marehemu mama yake, Mama Theodora, ndiye aliyeingia majini na kikapu chake, akawatoa perege mmoja mmoja, akachagua, wengine akawarudisha. "Huyu hapana, amekonda, ataniaibisha mbele ya Mzungu." Mmoja alikuwa na pezi lililokatika, akamtia humohumo, akasema hata mlemavu ana haki ya kuhesabiwa. Ishirini kamili, juu yao majani mabichi. Barnaba alipaswa kuwatia palepale dawa ya kuwazuia wasioze. Lakini debe la dawa lilikuwa zito na mteremko ni mrefu, na asubuhi ile alikuwa amelitazama, akajitazama miguu, akaliacha Newala. Nitakwenda haraka, alijiambia. Kwenda haraka ndiyo ilikuwa dini yake ya pili.

Njia inapomaliza kupanda, kando ya Chilangala, inapita mlangoni kwa Dastani. Ukoo wa Dastani na ukoo wa mama yake Barnaba ni watani tangu mababu, watani wa kuzikana. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako, nayo itasimuliwa mpaka msibani kwako. Barnaba alitaka kupita kimya, lakini hajabisha hodi wala hajakusudia kubisha, kikapu kilikuwa kimekwisha kushikwa.

"Mtani, umeniletea kitoweo! Mungu akuzidishie."

"Dastani, acha. Hao ni wa serikali."

"Serikali ikikufa utaizika wewe? Mimi nitakuzika wewe, tena nitakuzika bure, na kaburi nitalichimba fupi ukunje magoti. Leta hapa." Akamwita mkewe ndani, "Scholastika! Weka kikaango!"

"Wanahesabiwa miiba, wewe mtu!"

"Tutaihesabu ikibaki kwenye sahani."

Barnaba alicheka, maana ndivyo inavyotakiwa, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Ukishacheka huwezi tena kunyang'anya. Jua lilikuwa kali, kidole cha mguu kilikuwa kimechubuka, hajala tangu alfajiri, na harufu ya perege wa kwao kwenye mafuta ilimjia puani kama jina lake linavyoitwa na mtu wa nyumbani. Alikaa, yeye asiyekaa. Alikula sita.

Walipokuwa wakinawa, mchuuzi wa samaki akapita na baiskeli yake, anatoka Ruvuma, tenga bado linadondosha maji. Dastani alimsimamisha. "Nisije nikasemwa nimemfukarisha mtani wangu," alisema. "Ishirini wametoka, ishirini watarudi. Perege ni perege."

Hapo Barnaba angeweza kugeuza. Nakalola haikuhama. Lakini kugeuza ni kulala njiani, na Bwana alimngoja jioni ile, na Barnaba hakutaka kuonekana amechelewa. Kwa hiyo aliinama juu ya tenga, akachagua. Hakuokota tu. Alichagua wadogo, walio na weusi kidogo, akiwapima kwa kiganja. Alipofika Newala akawatia dawa, akaandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu: *Bwawa la Nakalola, ishirini*. Akaifunga kwenye chupa kwa uzi.

Alijiambia kwamba wiki ijayo atateremka tena kimya kimya, alete wa kweli, abadilishe. Wiki ile Bwana akamtuma Ndanda kuchukua chupa zaidi. Aliporudi, samaki walikuwa wamekwisha kupimwa.

"Barnaba!" Bwana Magamba alikuwa amesimama katikati ya chumba, nywele wima. Wao wawili walizungumza Kiingereza wakiwa kazini. "Ni sawasawa! Miiba sawa, magamba sawa, taya sawa. Wa Nakalola na wa Ruvuma ni samaki mmoja. Ni mdogo kwa shida tu, maskini."

Barnaba alisema, "Ndiyo, Bwana."

"Ile midomo uliyoniambia, siioni."

"Labda dawa, Bwana. Dawa inakaza."

Ulimi wake ulitoa neno lile bila kumwuliza mwenyewe. Bwana alikubali kwa kichwa, akaandika. Ripoti ingepelekwa Jumatatu kwa lori la posta. Alimwonyesha Barnaba ukurasa wa mwisho, chini kabisa, palipokuwa na jina lake: kwamba kazi ya kukusanya ilifanywa na Bwana Barnaba, mtu makini na wa kuaminika, na inapendekezwa aajiriwe. Mtu amengoja maneno kama hayo maisha yake yote, na yalipokuja alimrudishia Bwana ukurasa haraka, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Tangu siku ile hakutulia, na kwake kutotulia halikuwa jambo geni, lakini huku kulikuwa kwa namna nyingine. Zamani alitembea kwa sababu miguu ilitaka. Sasa alitembea kwa sababu kila alipojisimamisha alimwona Mama Theodora na kikapu chake, maji mapajani, akisema ataniaibisha mbele ya Mzungu. Alizunguka mikorosho ya nyuma ya nyumba mpaka akatengeneza njia. Priska aliweka chakula, naye akaanza kupanga mifupa ya samaki pembeni mwa sahani, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

"Unakula au unahesabu?" Priska aliuliza.

"Nakula."

"Wewe mwanamume una jambo. Nyumba wametunyima?"

"Hapana. Wametupa."

"Basi kaa chini ufurahi kama watu," alisema Priska, naye alikuwa amekwisha kuanza kufunga vyombo kwa ajili ya nyumba hiyo. Barnaba alikaa. Akahesabu mpaka kumi, akasimama.

Siku ya Alhamisi, Bwana akiwa amelala mchana, aliteremka mpaka nusu ya mteremko. Hakuwa na kikapu, hakuwa na debe, wala hakujua anakwenda kufanya nini. Aliliona bwawa kwa mbali, dogo, linamemeta. Akasimama muda mrefu, kisha akapanda tena kwa kukimbia, kana kwamba kuna mtu amemwita huko juu. Hapakuwa na aliyemwita. Alikuwa anaogopa, basi, na mwoga hata kilima humsukuma.

Ijumaa asubuhi Mama Theodora akaja mwenyewe. Habari ya sumu ilikuwa imefika bwawani kwa kinywa cha jumbe, naye aliondoka jogoo wa kwanza, akaupanda mlima kwa miguu yake ya miaka sitini na kitu, na furushi la majani ya mgomba kichwani. Barnaba alimkuta ameketi kwenye ngazi za baraza, anafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Nimekuletea." Akagusa furushi. "Wa kukausha kwa moshi, kumi na wawili. Wa kwetu, si takataka za sokoni. Sasa nipeleke kwa huyo mtu wako. Kiswahili changu ni cha kununulia chumvi, wewe ndiye utakayenisemea."

"Mama, Bwana ana kazi nyingi leo."

"Na mimi nimekuja kucheza?"

Bwana Magamba alimpokea vizuri, lazima tuseme kweli. Alimpa kiti. Alipoambiwa kwamba huyu ndiye aliyewakamata wale ishirini kwa mkono wake, alifurahi, akainuka mwenyewe, akaileta chupa, akaiweka mezani mbele yake ili aone kazi yake ilivyotunzwa. Mama Theodora alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Akaizungusha chupa upande huu, akaizungusha upande ule. Chumbani humo Barnaba alikuwa amesimama, mkono umeshika mlango.

"Hawa si wetu," alisema Mama Theodora kwa Kimakua.

"Anasemaje?" Bwana aliuliza.

"Anasema wamebadilika rangi," Barnaba alijibu kwa Kiingereza. "Kwa dawa."

"Ni kweli, ni kweli, dawa inachubua."

Mama Theodora hakuondoa macho kwenye chupa. "Mwambie ametapeliwa. Kuna mtu amembadilishia samaki. Wetu ana mdomo, hawa wana mdomo gani? Na yuko wapi yule wa pezi lililokatika? Hawa ni wa Ruvuma, wadogo, mtu kawachagua. Mwambie asiue bwawa kwa kosa la mwizi. Na kama haniamini mimi, mzee nisiyejua kusoma, mwambie akuulize wewe, maana ulikuwapo, uliwaona kikapuni. Mwambie mtoto wa dada yangu hasemi uongo."

Akamtazama Barnaba kwa imani yote, akangoja maneno yake yavushwe.

"Safari hii maneno ni marefu," Bwana alisema, akitabasamu. "Anasemaje?"

Kama kuna adhabu kubwa kuliko ile, mimi siijui. Barnaba aliangalia dirisha, akaangalia mlango. Miguu yake ilikuwa inamwambia kitu kimoja tu, na kwa mara ya kwanza hakuitii. Alitafsiri. Alianza na mdomo, akaja kwenye pezi lililokatika, akaja kwenye mwizi. Alipofika pale pa mtoto wa dada, alilisema nalo, neno kwa neno, bila kupunguza. Kisha akaongeza ambalo Mama Theodora hakulisema: "Mwizi ni mimi, Bwana." Akaeleza yote, debe, mtani, kikaango, tenga. Kiingereza kilikuwa lugha ya kazi tu, na hata hivyo jasho lilimtoka mpaka shingoni.

Bwana Magamba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta ripoti, akafungua ukurasa wa mwisho, akakata mstari mmoja kwa kalamu, taratibu. Halafu akainua kichwa.

"Mama yako alizaliwa bwawani," alisema. "Nitajuaje kwamba uongo ni ule wa kwanza na si huu wa leo? Huyu mama hataki bwawa lake liguswe, na wewe ni mwanawe. Samaki nilionao mezani ni hawa. Neno lako siwezi kulipima kwa mizani."

Hakika lilikuwa swali la haki, na aliyelileta ni Barnaba mwenyewe. Aliona bwawa linatiwa sumu, siyo kwa sababu amedanganya tena, bali kwa sababu sasa amesema kweli na kweli yake haina thamani. Mama Theodora alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Mapajani alikuwa amepakata furushi lake.

"Mama," Barnaba alisema kwa Kimakua, haraka, "fungua."

"Ni wako hawa."

"Fungua, nakuomba."

Akafungua majani. Perege kumi na wawili, weusi wa moshi, wamepungua mwili, wamejikunja mikia. Bwana alikunja uso. Moshi humpunguza samaki urefu, humpunguza uzito, humharibu kipimo. Lakini Barnaba alinyoosha kidole kwenye mgongo wa mmoja. "Miiba haipunguzwi na moshi, Bwana. Hesabu."

Bwana alivuta taa ya mezani. Alihesabu kwa ncha ya sindano, akahesabu tena, kama desturi yake. "Kumi na tano." Akachukua wa pili. "Kumi na tano." Wa tatu, kumi na nne. Wale wa chupani walikuwa na kumi na saba, wote ila wawili wenye kumi na sita. Na kila aliyemwinua alikuwa na mdomo ule wa chini, umekauka lakini umetokeza vilevile, umenuna. Barnaba aliandika hesabu zile kwenye daftari, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake mzuri. Alijua ndiyo kazi yake ya mwisho mezani pale, akaandika vizuri kuliko siku zote.

Ilipofika adhuhuri Bwana aliichana ile ripoti mara mbili. Alisema Jumatatu atateremka bondeni mwenyewe, na debe lake la dawa, atawatoa ishirini majini kwa macho yake. Sumu haitakuwapo mpaka hapo, na kwa hesabu hizi haoni kama itakuwapo kabisa. Akatenga samaki kumi wa moshi, akawatia kwenye chupa mpya. "Karatasi nitaandika mimi," alisema. Lori la kwenda Masasi lilikuwa linaondoka Jumamosi. Barnaba na mkewe wangepata nafasi nyuma.

Walitoka barazani, Barnaba na mama yake mkubwa. Mikononi mwa Mama Theodora yalibaki majani ya mgomba na perege wawili.

"Umemwambia nini?" aliuliza. "Nimeona kalamu inakata."

Kusema kwa Kiingereza kulikuwa kazi tu. Lakini Kimakua ndicho alichonyonyeshwa nacho, na mbele yake alisimama mwenye uso ule ule wa mama yake. Barnaba hakutembea, hakushika nguzo. Alisema.

"Bwawa limepona, mama. Mwizi ni mimi."

Mama Theodora aligeuza uso kule alikotoka. Chini kule bonde lilikuwa limejaa jua.

"Wale wangu ishirini," alisema. "Wako wapi?"

"Niliwala. Mimi na Dastani."

"Uliwala."

"Ndiyo, mama."

"Walikuwa watamu?"

Barnaba alitaka kusema jambo lingine lolote. "Walikuwa watamu, mama."

Mama Theodora aliwatazama wale wawili waliobaki. Akawakunja kwenye majani, akafunga furushi kwa kamba ya mgomba, fundo la kwanza, fundo la pili, akajitwika.

"Basi fungu lako ulikwisha kula," alisema, akaanza kuteremka.